Nani Anaamua Nani Afe? Ufundi wa Sheria za Kale za Mchezo wa Vita

Mchezo wowote wa vita unaochezwa kwa vijisanamu vya askari una swali moja linalotangulia mengine yote: huyu aliyesimama hapa, amekufa au yu hai? Watoto huliamua kwa kelele, na mwenye sauti kubwa hushinda. Mtu mzima anayetaka kucheza na rafiki yake na bado waagane kwa amani anahitaji sheria. Vitabu vya mwanzo vya burudani hii, ambavyo vingi vilikuwa adimu kwa miongo kadhaa na sasa vimechapwa upya, vina angalau majibu manne kwa swali hilo: mkono, jicho, dadu na mwamuzi. Leo dadu imetawala karibu kila meza. Ukizisoma sheria za kale ukiwa na kalamu na karatasi mkononi, unaona kwamba baadhi ya majibu yaliyoachwa yalikuwa na akili kuliko yaliyobaki.

Wanajeshi ndio waliotangulia. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, Georg Heinrich Rudolf von Reisswitz, akiendeleza kazi ya baba yake, alitoa mchezo uliochezwa juu ya ramani za skeli ya 1:8000. Kila zamu ilihesabiwa kuwa dakika mbili za vita halisi, hasara zilitafutwa kwa dadu na majedwali, na mwamuzi alikaa kati ya pande mbili akizionyesha tu kile ambacho makamanda wangeweza kukiona. Lakini ile ilikuwa kazi ya kufundishia maofisa. Habari yetu inaanza pale watu wasio na cheo chochote walipoiteremsha vita sakafuni kwa kujifurahisha.

Katika majira ya baridi ya mwanzoni mwa miaka ya 1880, Robert Louis Stevenson alikuwa Davos, Uswisi, akitibiwa mapafu. Yeye na mtoto wake wa kambo, Lloyd Osbourne, walichora kwa chaki nchi nzima kwenye sakafu ya dari: milima, mito, miji, madaraja, barabara nzuri na mbovu. Askari walipigwa kwa bunduki ya kuchezea, na risasi zilikuwa na hesabu. Kikosi kilichoishiwa kilingoja mikokoteni ya shehena iwafikie. Stevenson aliandika hata taarifa za magazeti ya kubuni juu ya vita hivyo, zikiwa na fitina zote za waandishi wa habari wa vitani. Osbourne aliyasimulia haya katika jarida la Scribner's mwaka 1898. Kwa mchambuzi, kasoro ya simulizi lake ni moja tu: anasimulia vita, hatoi sheria. Unajua walicheza kitu kizuri, ila huwezi kukicheza mwenyewe.

H. G. Wells alizitoa. Kitabu chake Little Wars kilitoka London mwaka 1913, miaka miwili baada ya Floor Games, na humo mwandishi wa riwaya za safari za wakati na uvamizi kutoka Mars anaeleza jinsi yeye na marafiki zake walivyofika kwenye kila kanuni. Kisa kilianza nyumbani kwake Sandgate, kwenye pwani ya kusini ya Uingereza. Baada ya chakula cha mchana, mgeni mmoja, ambaye kitabu kinamtaja kwa herufi J. K. J. tu na wasomaji wamemtambua kuwa mwandishi Jerome K. Jerome, alianza kufyatua kimzinga cha kuchezea akilenga askari waliosimama mezani. Alipompata mmoja akamchokoza mwenzake ajaribu. Yote yaliyofuata yametoka hapo.

Kimzinga hicho ndicho moyo wa mfumo mzima, kwa hiyo tukikague. Kilikuwa cha springi, kikirusha kipande cha mti chenye urefu wa kama inchi moja, na Wells anadai kwamba kwa umbali wa yadi tisa kingeweza kumpata askari mmoja mara tisa kati ya kumi. Kinachohusishwa zaidi na mchezo huu ni mzinga wa kampuni ya Britains ulioiga mizinga ya majini ya inchi 4.7, ile iliyopandishwa nchi kavu Afrika Kusini wakati wa vita vya Waingereza na Makaburu. Chombo chenye shabaha namna hiyo kinaondoa jedwali zima la hasara. Aliyeangushwa amekufa, basi. Kinaondoa pia kanuni za kujificha, ambazo katika michezo ya leo hujaza kurasa na kuzua mabishano: askari aliye nyuma ya nyumba ya matofali ya mbao hapigwi kwa sababu kipande cha mti hakipiti kwenye mbao. Sakafu yenyewe inatoa hukumu.

Uamuzi unaofuata ndio unaowashangaza wasomaji wa leo. Askari wa miguu wa Wells hawapigi risasi kabisa. Wapanda farasi nao hawapigi. Silaha pekee inayoua kwa mbali ni mzinga, na kila mzinga katika zamu moja unaweza kusogezwa au kufyatuliwa hadi mara nne, lakini haviwezi kufanyika vyote viwili. Mwanzoni nilidhani huu ni uvivu wa mtunzi. Ukiifuata hesabu, unaona ni mpango. Mtu akiwa na mizinga mitatu ana mapigo 12 kwa zamu, na mbele yake kuna askari mia na ushei. Mapigo 12 hayatoshi kulifuta jeshi, lakini yanatosha kulifanya jeshi liogope uwanda wazi. Askari wa miguu basi wanabaki na kazi moja, nayo ni kuufikia mzinga wa adui. Mchezo mzima unageuka kuwa mbio za kutoka kificho hadi kificho kuelekea kwenye magurudumu yale.

Na Wells ameeleza kwa usahihi wa fundi maana ya kuufikia. Mzinga hauwezi kufyatuliwa wala kusogezwa bila askari wanne wa upande wake kuwa ndani ya inchi sita. Unahesabiwa kuwa umetekwa pale tu ambapo hakuna mtu wa wenyewe aliyebaki ndani ya inchi hizo sita, na angalau askari wanne wa adui wameshapita mstari wa ekseli ya magurudumu wakielekea upande waliokuwa wakishambulia. Kuugusa peke yake hakukusaidii. Sharti hilo la ekseli limezuia ujanja ambao kila mchezaji angeuwaza siku ya kwanza: kutuma mpanda farasi mmoja akauguse mzinga na kudai ni wake. Mtu aliyeandika sharti kama hili ameshabishana na wenzake sakafuni mpaka wakachoka.

Kusogea kulipimwa kwa kamba. Askari wa miguu walikwenda futi moja kwa zamu, wapanda farasi futi mbili, na kila mchezaji alishika kamba mbili: ya futi mbili, na ya inchi sita kwa ajili ya mizinga. Kabla ya kuanza, pazia lilitandazwa katikati ya uwanja ili kila mmoja apange jeshi lake bila mwenzake kuona. Wells alimwachia mchezaji mmoja atengeneze nchi, kisha mwingine achague upande, na kwa hiyo mtengenezaji hakuwa na sababu ya kujipendelea. Yote haya ni mazuri, lakini hayaifikii saa.

Saa ndiyo kanuni ninayoipenda kuliko zote. Kila zamu ilikuwa na muda wake, dakika moja kwa kila askari 30 na dakika moja kwa kila mzinga. Wells mwenyewe anatoa mfano wa jeshi la watu 110 na mizinga mitatu, linalopewa dakika saba. Tuzigawe dakika hizo. Tuseme kupakia, kulenga na kufyatua kunakula sekunde kumi. Mapigo 12 yamekula dakika mbili. Zimebaki sekunde 300 za kuwasogeza watu 110 kwa kamba, na hiyo ni chini ya sekunde tatu kwa kila mmoja. Haiwezekani. Hapo kamanda analazimika kuchagua kikosi kipi kisogee na kipi kisahaulike, na kile kilichosahaulika kando ya uwanja kinabaki pale pale adui akija. Waandishi wa baadaye walitunga kadi za amri, pointi za uongozi na dadu za mawasiliano ili kuonyesha kwamba jenerali hawezi kuwepo kila mahali. Wells aliipata hali hiyo kwa saa ya ukutani na jasho la mchezaji.

Kuna sehemu moja ambayo mzinga haufai kitu, nayo ni pale askari wanapokutana ana kwa ana. Hapa hakuwaachia dadu. Alitumia hesabu tupu, na inafaa kuitazama kwa makini. Vikosi viwili vikigusana na hakuna kilichotengwa, watu wanauana mmoja kwa mmoja: 11 dhidi ya tisa, wanakufa tisa kila upande, wanabaki wawili. Lakini kikosi kimoja kikiwa kimetengwa, yaani hakina karibu yake, ndani ya umbali wa zamu moja, wenzake wanaofikia hata nusu ya idadi yake, hukumu inabadilika. Kwanza unachukua tofauti ya idadi, na hao wanakuwa mateka bila damu kumwagika. Waliobaki ndio wanaouana. Kwa hiyo 11 wakiwakuta tisa waliotengwa, wawili wanatekwa, saba wanakufa kila upande, na mshambuliaji anatoka na watu wanne na mateka wawili.

Endelea kuongeza washambuliaji uone kinachotokea. Wakiwa 14 dhidi ya tisa, mateka ni watano na vifo ni vinne kila upande, wanabaki kumi. Wakiwa 18 dhidi ya tisa, mateka ni wote tisa, na hakuna aliyekufa. Kuzidisha nguvu mara mbili kunafuta hasara yako yote. Mwaka 1914, mwaka mmoja baada ya kitabu hiki, mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alichapisha hoja yake ya kihesabu kwamba kwa silaha za kisasa nguvu ya jeshi inapanda kwa kipeo cha pili cha idadi ya watu. Kwa kanuni ya Lanchester, 14 dhidi ya tisa wangebaki karibu 10.7, kwa Wells wamebaki kumi. Lanchester alikuwa akizungumzia risasi zenye shabaha na Wells alikuwa akizungumzia mapigano ya kushikana, kwa hiyo sidai kwamba mmoja alimtangulia mwenzake. Ila mtunzi wa riwaya, akitafuta tu mchezo usiokera, alifika karibu sana na mahali ambapo mhandisi alifika kwa kalkulasi, tena kwa kujumlisha na kutoa ambako mtoto wa miaka kumi anakuweza.

Faida ya pili ya kanuni hiyo iko kwenye neno kutengwa. Kikosi hakiokolewi na idadi yake mwenyewe, kinaokolewa na majirani zake. Mchezaji anayewatawanya watu wake ili mizinga isiwapate kwa wingi anagundua kwamba ameunda vikundi vinavyotekwa kimoja kimoja. Anayewabana ili wasitengwe anawaweka kwenye shabaha. Kanuni hizi mbili, ya mzinga na ya mapambano, zinavutana, na katikati ya mvutano huo ndiko uamuzi wote wa mchezo uliko. Kitabu kilikuja mwaka mmoja tu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na Wells, aliyekuwa mpenda amani, alikifunga kwa kusema wazi kwamba mchezo huu mdogo unamfundisha mtu jinsi vita ya kweli ilivyo upuuzi wa gharama.

Baharini njia ya mkono ilikuwa na mtangulizi. Fred T. Jane, ambaye jina lake bado liko kwenye orodha maarufu ya meli za kivita iliyoanza 1898, alibuni mchezo ambamo pigo lilipigwa kwa kibao chenye pini kwenye picha ya meli ya adui. Pini haikukaa katikati, hivyo hukuweza kuwa na hakika ingetoboa wapi. Lakini jibu la jicho ni la Fletcher Pratt wa New York, mwanahistoria na mwandishi wa hadithi za sayansi, aliyechapisha sheria zake mwaka 1940. Meli zilikuwa za skeli ya 1:600, sakafu ilikuwa ukumbi mzima, na kupima kabla ya kufyatua kulikatazwa. Mchezaji aliweka mshale kuonyesha uelekeo, akaandika umbali anaoukisia kwa inchi. Kisha waamuzi wakapima kwa futikamba na kusimamisha vijiti vya kuwekea mpira wa gofu pale makombora yalipoanguka. Unaona kijiti kimepita meli kwa inchi nane, zamu ijayo unarekebisha. Hivyo ndivyo ofisa wa mizinga wa manowari alivyofanya kazi enzi zile, akitazama maji yanayoruka na kusahihisha. Kila meli ilikuwa na thamani iliyokokotolewa kwa mizinga, unene wa chuma na kasi yake, na kadiri ilivyopigwa ndivyo ilivyopoteza mizinga na mwendo pamoja. Dadu haikuwepo popote.

Kwa nini basi dadu ilishinda? Nadhani sababu kubwa ni ya kinyumba. Askari wa Wells walikuwa wakubwa na walitaka sakafu, na watu wazima wa baada ya Vita vya Pili vya Dunia walihamia mezani. Jack Scruby wa Visalia, California, alikuwa akitengeneza vijisanamu vyake na kuanzia 1957 akatoa jarida la War Game Digest; kampuni ya Airfix ilianza kuuza vijisanamu vidogo vya plastiki mwaka 1959. Askari wa ukubwa ule huwezi kumpiga kwa kipande cha mti bila kuangusha kikosi kizima, na juu ya meza hakuna yadi tisa. Mwaka 1962 Donald Featherstone, mtaalamu wa tiba ya viungo kutoka Southampton aliyewahi kuwa askari wa vifaru, alitoa War Games, kitabu chenye vita vya kale, vya bunduki za karne ya 19 na vya vifaru, vyote kwa dadu. Mwaka huohuo Mmarekani Joseph Morschauser alitoa chake. Featherstone anaandika kama mtu anayekukaribisha chumbani kwake, na nadhani ukarimu huo umewaleta watu wengi kuliko kanuni zenyewe. Mwenzake Tony Bath alikuwa na hila moja ya kudumu: aliyepigwa mshale akiwa na deraya alirusha dadu yake mwenyewe kuona kama imemwokoa. Kwa hila hiyo, aliyepigwa naye alipata la kufanya badala ya kukaa akihesabu maiti zake.

Jibu la nne, la mwamuzi, lilirudi kwa njia ya maktaba. Mwaka 1880 ofisa wa jeshi la Marekani, Charles Totten, alichapisha Strategos, mchezo wa kufundishia maofisa. Karibu miaka tisini baadaye David Wesely, kijana wa Minnesota aliyekuwa akicheza vita za Napoleon na wenzake, aliikuta nakala katika maktaba ya chuo kikuu. Kilichomkamata ni wazo kwamba mchezaji anaweza kujaribu jambo lolote, hata lisilotajwa na kanuni, na mwamuzi ndiye anayeamua matokeo. Mwaka 1969 aliliweka kwenye jaribio. Badala ya kuwapa wachezaji majeshi tu, aliwapa nyadhifa za watu katika mji wa kubuni wa Ujerumani uitwao Braunstein, kila mmoja na malengo yake, kisha akakaa kati yao. Mmoja wa wachezaji, Dave Arneson, aliuchukua mtindo huo hadi kwenye mapango na mazimwi, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wakatoa Dungeons & Dragons. Kanuni ya ofisa wa karne ya 19 ilikuwa imelala rafuni muda wote huo bila mtu wa burudani kuijali.

Gygax mwenyewe aliandika dibaji ya toleo la Little Wars la 2004. Maandishi ya Wells sasa ni mali ya umma, na Featherstone, Jane na Pratt wamechapwa upya katika mradi wa kuhifadhi vitabu hivi nchini Uingereza. Anayetaka kuvijaribu atakwama kwanza kwenye vifaa, maana vimzinga vya Britains vya zamani vinauzwa kama vitu vya makumbusho. Kuvibadilisha na dadu ni kosa, kwa sababu ukiondoa kipande cha mti kinachoruka umeondoa pia kujificha, hofu ya uwanda wazi na sababu ya askari kutokuwa na bunduki. Itabidi uandike upya kila kitu. Kimzinga chochote cha springi kinachotupa kitu chepesi kitafaa, mradi wachezaji wote wawili watumie cha aina moja, na askari wawe wa plastiki ngumu yenye kitako kizito kidogo. Pratt hahitaji chochote ila futikamba na ukumbi. Na kanuni ya saa inaweza kuchomekwa kesho katika mchezo wowote wa kisasa bila kugusa ukurasa mwingine: dakika moja kwa vijisanamu 30, kengele ikilia mkono unaondoka mezani, hata kama kikosi cha kushoto bado kimesimama mtoni.